Smoke on the Water au Iron Man: ampli ileile, kwa nini moja inanona na nyingine inakuwa uji?

Misolo_Katuba

Bandugu, salamu. Tuna nafasi ya wimbo mmoja wa roki katikati ya programu ya rumba, ukumbi wa watu kama 300 hapa Lubumbashi. Zimebaki mbili mezani: «Smoke on the Water» ya Deep Purple na «Iron Man» ya Black Sabbath. Tuko na gita mbili (solo na mi-solo, ile ya kati), besi, batri (ngoma) na mwimbaji. Kinanda kipo, ila anayekipiga ni mtu wa kwaya.

Shida ni hii. Ampli ileile, pedali ileile ya distoshoni (ya kukwaruza sauti), vifundo haviguswi. Iron Man inajaa vizuri, inanona. Smoke on the Water inatoka kama uji: nzito, haina umbo, wala haifanani na diski. Noti ninazo: sol, si bemoli, do, sol, si bemoli, re bemoli, do, sol, si bemoli, do, si bemoli, sol. Napiga kwinti (noti na ya tano yake kwa pamoja), kidole cha kwanza uzi wa 6 freti ya 3, kidole cha tatu uzi wa 5 freti ya 5, halafu napanda. Mediatori (kipande cha kuchunia nyuzi) nene, ya milimita 1.

Naomba mambo mawili: kosa liko wapi, na ipi kati ya hizo mbili inafaa kikundi cha namna hii. Ipi «ni bora» hiyo tuachie wanywaji.

---

Nyuzi_Sita

Kosa umeshalitaja mwenyewe: «napiga kwinti». Rifu ile, yaani kipande kifupi cha gita kinachojirudia, si ya kwinti, ni ya kwarti (noti na ya nne yake). Sol inakaa juu, re inakaa chini yake, na hizo mbili zinatembea pamoja rifu nzima. Sahau uzi wa 6. Shika uzi wa 4 na wa 3 tu:

uzi wa 3:  0 3 5 – 0 3 6 5 – 0 3 5 – 3 0
uzi wa 4:  0 3 5 – 0 3 6 5 – 0 3 5 – 3 0

Noti 12, basi. Kama nyuzi wazi zinakusumbua, hiyo 0-0 ipige freti ya 5 kwenye uzi wa 5 na wa 4. Ni noti zilezile, ila pale unaweza kuzikata kwa kulegeza kidole tu, wakati nyuzi wazi zinaendelea kulia mpaka uzizime kwa kiganja. Kidole kimoja kilale juu ya nyuzi zote mbili, na ncha yake iguse uzi wa jirani kidogo ili usilie.

Uji unatoka wapi? Kwinti yako ya freti ya 3 ina sol ya hertz 98 na re ya 147. Kwarti ina re ya 147 na sol ya 196. Distoshoni ikipewa noti mbili inazaa ya tatu, ambayo ni tofauti ya zile mbili. Toa 98 kwenye 147: 49. Toa 147 kwenye 196: 49 tena. Kivuli cha chini ni kilekile, nacho ni sol ya besi, freti ya 3 kwenye uzi mnene wa besi. Kinachotofautisha ni ile hertz 98 ya kweli ambayo kwinti inaongeza, mahali hasa pa besi na ngoma kubwa. Watatu wanagombea kiti kimoja, na msikilizaji anapata uji. Kwarti inakiacha kiti wazi.

Kwenye Iron Man kwinti haidhuru, maana besi inapiga noti zilezile na gita. Wote wako upande mmoja, wakisongamana wanazidi kunenepa.

Sasa mkono wa kulia. Weka mediatori mfukoni. Blackmore, mpiga gita wa Deep Purple kwenye diski, hapigi rifu hii kwa mediatori, anaichuna kwa vidole. Mediatori inagusa uzi wa 4 kwanza, ndipo wa 3. Hata uwe mwepesi namna gani kuna upenyo kati yao, na distoshoni inaukuza huo upenyo mpaka kila noti inaanza na «kra». Gumba kwenye uzi wa 4, kidole cha shahada kwenye uzi wa 3, chuna zote mbili mara moja, kama unavyobana punje za chumvi chunguni. Usivute nyuzi kwenda juu sana zikaja kupiga freti. Zisukume kuelekea kiganjani.

Hapa mtu wa Katanga hana kisingizio. Gumba na shahada ndio mkono wa Mwenda Jean Bosco, ule uliosikika mbali tangu Hugh Tracey alipomrekodi Jadotville, Likasi ya leo, mwaka 1952. Anayeweza kupiga mwanzo wa «Masanga», hata polepole, mkono wa rifu hii anao tayari. Kitu kimoja tu kinabadilika: kwa Bosco gumba na shahada vinapishana, hapa vinatoka pamoja.

Na mwisho, pale wengi wanapoanguka bila kujua: mahali pa noti. Hesabu «1-na-2-na-3-na-4-na». Sol kwenye 1, si bemoli kwenye 2, do kwenye 3. Hapo kila mtu anaweza. Lakini sol ya pili haingoji kipimo kinachofuata. Inaingia kwenye «na» ya 4. Halafu si bemoli kwenye «na» ya 1, re bemoli kwenye «na» ya 2, ndipo do inatua kwenye 3. Kipimo cha tatu ni kama cha kwanza, kisha si bemoli inaingia kwenye «na» ya 4 na sol ya kufunga kwenye «na» ya 1. Ukizipanga zote juu ya mapigo unapata watoto wa shule wanaoandamana sikukuu. Weka metronomu kwenye 60, piga mguu, sema hesabu kwa mdomo, na usiipandishe mpaka «na» zikae. Kwenye diski mwendo ni karibu 112 kwa dakika.

---

Charle_na_Besi

Yaya amesema ya gita, miye naleta ya huku nyuma, juu uzito iko huku.

Smoke on the Water inaingia mutu mumoja-mumoja. Gita peke. Kisha charle (simbali mbili za mguu) na kinanda. Kisha batri yote. Kisha besi. Njo mwimbaji anafungua kinywa. Bantu ba batri banakosaka paka hapa: banaingia na kila kitu mara ya kwanza, simbali zote, na rifu haina tena pa kupanda. Charle ya Ian Paice, mutu wa batri wa Deep Purple, iko ya noti kumi na sita mu kipimo. Ku 112 ile ni karibu fimbo 7 na nusu kila segonde, nyepesi, kwa ncha ya fimbo. Kama mkono unachoka, piga nane, lakini usijaze tundu kwa simbali.

Besi: gita inatembea juu, besi inakaa chini, karibu yote paka sol, noti nane mu kipimo, sawasawa kama mashini. Mubesi mwenye kufuata gita noti kwa noti anaua ile rifu. Inabakia kubwa lakini haisogei.

Iron Man iko kinyume kabisa. Mguu wa Bill Ward, mutu wa batri wa Black Sabbath, unaanza peke, pigo moja-moja la ngoma kubwa. Gita inanguruma. Kisha bote banapiga kitu kimoja: gita, besi, na mwimbaji naye anaimba melodi ya rifu ileile. Hapo hakuna kujificha. Mutu mumoja akichelewa, ukumbi nzima unasikia.

Mwendo wa rifu iko kati ya 70 na 80. Watu banaona ni rahisi juu iko polepole. Hapana. Polepole njo inafunua kila kosa. Mahali pa hatari ni sol–fa diezi, sol–fa diezi, sol–fa diezi: noti zinakuwa za haraka na kila mutu anaanza kukimbia nazo. Batri ibakie ukuta. Tena kuna sehemu ya katikati yenye kuongeza mwendo. Mufanye mazoezi ya kurudi ku mwendo wa kwanza, si ya kwenda. Kwenda kila mutu anajua.

---

Misolo_Katuba

Aksanti sana, yaya Nyuzi_Sita, na wewe Charle. Kwarti na vidole vimetibu, uji umeisha. «Na» ya 4 bado inanikimbia, ila sasa naisikia.

Kumetokea mapya mawili. Kwanza, gita peke yake sasa ni nyembamba kuliko nilivyotegemea. Pili, ampli yetu ya gita ni ndogo, spika ya inchi 8, haitoshi ukumbini. Tukitoa pedali moja kwa moja kwenye meza ya sauti inalia kama nyuki ndani ya chupa, na mtu akiacha kupiga kunabaki mvumo mkubwa.

---

Fundi_Meza

Hao nyuki ni spika, pedali haina kosa. Spika ya gita haina twita (spika ndogo ya sauti za juu). Ya inchi 12 inakata yenyewe kila kitu juu ya hertz 5,000 hivi, na distoshoni yote ya roki ilitengenezwa kwa kutegemea ukataji huo. Bafu (spika kubwa) za ukumbi zina twita, zinatoa mpaka hertz 15,000 na zaidi. Kwa hiyo takataka zote ambazo spika ya gita ingezimeza zinawafikia watu masikioni.

Dawa ya kwanza ndiyo bora na ndiyo rahisi: ampli yenu ya inchi 8 inatosha. Weka maikrofoni mbele yake, ile ya kawaida ya aina ya Shure SM57 au hata ya mwimbaji mkikosa, sentimita 3 hadi 5 kutoka kwenye kitambaa. Usielekeze katikati ya spika, pale ni pakali. Sogeza mpaka nusu ya njia kati ya kitovu na ukingo. Ukisogeza sentimita 2 tu sauti inabadilika kuliko ukizungusha vifundo vya meza kwa nusu saa. Mtu mmoja apige, mwingine asogeze, wa tatu asikilize mbele ya bafu. Ampli haihitaji kelele, bafu ndizo zitafanya kazi ya kelele.

Dawa ya pili, kama maikrofoni hakuna: gita, pedali, kisha meza, lakini kwenye meza shusha kifundo cha juu mpaka chini kabisa, na ukate kila kitu chini ya hertz 80 au 100. Itakuwa butu kidogo. Heri butu kuliko nyuki. Kama pedali yenu au simu yenu ina programu ya kuiga spika, iwekwe mwisho wa mstari, baada ya distoshoni. Ikiwekwa kabla haisaidii kitu.

Na msiingize gita tupu kwenye tundu la laini la meza. Gita inataka mlango wa ohm milioni 1 hivi. Tundu la laini lina elfu 10 au 20. Sauti inazibwa kama mtu anayezungumza akiwa amefunikwa blanketi. Kisanduku cha DI (cha kuunganisha gita na meza) kinaondoa shida hiyo, na pedali iliyowashwa nayo inaiondoa.

Mvumo: kama ni hertz 50, unatoka kwenye umeme na unaingilia koili za gita. Gita yenye koili mojamoja, umbo la Stratocaster, inauvuta zaidi. Simama mita 2 mbali na ampli, regulateri na taa za mirija, kisha geuka taratibu; kuna upande mvumo unapungua sana, utie alama sakafuni kwa utepe. Ampli, pedali na meza vichukue umeme kutoka kwenye multiprizi moja, msichukue huku na kule. Pedali iwekewe betri ya volti 9 siku hiyo. Ukitumia chaja, hakikisha katikati ya pini ni hasi kama pedali nyingi zinavyotaka. Ikiwa kinyume inaweza kuungua papo hapo. Umeme ukikatika mkaingia kwenye grupu (jenereta), volti inayumba, na pedali za kidijitali pamoja na vinanda vinaweza kujizima na kuwaka upya katikati ya wimbo. Kinanda kipitie regulateri. Betri ya volti 9 haijui kama umeme umekatika.

Kuhusu wembamba: usijibu kwa kuongeza geni (kifundo cha nguvu ya distoshoni). Kwarti haitaki geni nyingi. Kwa Smoke on the Water jaribu 4 kwenye 10, kwa Iron Man 6 au 7. Geni ikizidi, noti zinapoteza mwanzo wake, na rifu ile inaishi kwa mianzo ya noti.

---

Ngambo_ya_Kasumbalesa

Naona wote mmeinamia Smoke on the Water. Acha nisimame upande wa Iron Man.

Kama kipimo ni chati, najua nimeshindwa: singo ya Smoke on the Water ilifika namba 4 Marekani mwaka 1973, mwaka mzima baada ya albamu ya «Machine Head», na Iron Man iliishia namba 52 mwaka 1972. Kibao cha Black Sabbath kilichopanda kweli Uingereza ni «Paranoid», nacho kilifika namba 4 mwaka 1970. Lakini chukueni kundi lolote la metali, la leo au la jana, muulize gita na besi zilijifunza wapi kukanyaga hatua moja kwa pamoja.

Rifu yenyewe, mizizi kwenye uzi wa 6:

7 10 10 12 12 – 15 14 15 14 15 14 – 10 10 12 12

yaani si, re, re, mi, mi. Sol–fa diezi mara tatu. Re, re, mi, mi. Kwinti yake iko uzi wa 5, freti mbili mbele. Unaweza kuipiga kwa mizizi ya uzi wa 5 pia (2, 5, 5, 7, 7, kisha 10 na 9 mara tatu, 5, 5, 7, 7). Sauti ni zilezile, ila huko juu ya uzi mnene ni giza na nene, na kwenye uzi wa 5 ni wazi zaidi. Kwa ampli ya inchi 8 ningeenda uzi wa 5, maana spika ndogo inashindwa kutofautisha giza na giza. Kutoka re kwenda mi teleza, usiinue mkono.

Ule mngurumo wa mwanzo ni uzi wa 6 wazi, mi, unaovutwa nyuma ya daraja dogo la kichwani, kati ya daraja na ufunguo wake. Piga uzi, kisha bonyeza pale kwa kidole, noti inapanda. Ukilegeza inashuka. Uzi wa 6 ndio wenye nafasi fupi zaidi pale, kwa hiyo ni mgumu, na nyuzi za unene wa 010 zitakutoa jasho. Za 009 zinakubali zaidi. Gita yenye kufungwa nyuzi kichwani haiwezi kabisa. Hapo tumia mkono wa vibrato. Usijaribu kuzungusha ufunguo ukumbini. Utaanza rifu ukiwa nje ya toni, na mubesi atakuangalia vibaya.

Jambo linalowapoteza wengi: wanaangalia video za jukwaani za miaka ya baadaye, wanasikia sauti iko chini, wanalegeza nyuzi. Kwenye diski ya 1970 gita iko mi ya kawaida. Kushusha mpaka do diezi kulikuja na «Master of Reality», 1971. Tony Iommi, mpiga gita wa Black Sabbath, alipoteza ncha za vidole viwili vya mkono wa freti (anapiga kwa kushoto, kwa hiyo ni mkono wa kulia) kiwandani Birmingham, akajitengenezea kofia za plastiki za kuvalisha vidole, akatafuta nyuzi nyepesi. Ndiyo maana rifu zake nyingi ni akodi za noti mbili zinazoteleza: ni kitu ambacho vidole vile viliweza kubana bila kuumia. Ukiziongezea noti ya tatu ya akodi kamili, terza, distoshoni inaikoroga na rifu inatoka mbichi.

Tena jirani zetu walishaelewa hayo zamani. Miaka ya 1970, kule Zambia, WITCH, Amanaz na Ngozi Family walipiga gita yenye kukwaruza namna hiyo, na leo dunia inazitafuta diski zao kwa jina la Zamrock. Kutoka hapa mpaka huko ni mpaka mmoja tu.

---

Nyuzi_Sita

Ngambo amesema kweli, hasa hiyo ya terza. Ila swali la Misolo lilikuwa ipi inafaa *kikundi hiki*, na jibu halitoki kwenye gita. Linatoka kwenye kinanda.

Wembamba ulioulalamikia, Misolo, upo hata kwenye diski, ila humo kuna mtu anayeuziba. Jon Lord, mpiga kinanda wa Deep Purple, anapiga kwarti zilezile pamoja na gita kwenye Hammond (ogani ya umeme), na hiyo Hammond haikupita kwenye spika ya kuzunguka kama ya kanisani. Aliichomeka kwenye ampli ya Marshall, ya gita. Nusu ya unene ambao watu wanausifia gita ni kinanda kilichokasirika. Sikiliza tena ukiwa na vifaa vya masikio, utaisikia inapoingia na charle.

Kwa hiyo mwiteni huyo mtu wa kwaya, mumpe kazi hii na si zaidi. Sauti ya ogani, kuzunguka na korasi vizimwe. Mkono wa kushoto upumzike kabisa. Mkono wa kulia noti mbili tu, re na sol, kisha fa na si bemoli, kisha sol na do, na kule kwenye re bemoli chini yake ni la bemoli. Kinanda kipite kwenye pedali ya distoshoni yenye geni ndogo, 2 au 3, kisha meza. Kiwango chake kiwe sawa na gita, kisiwe chini yake. Mkizima gita ghafla, rifu inapaswa kubaki imesimama. Hatari mnaijua: watu wa kwaya wanapenda kukamilisha akodi. Akiongeza si bemoli juu ya re na sol, umerudi kwenye uji, safari hii uji wa ogani.

Kama hakubali noti mbili, au hapatikani mazoezini, msijaribu Smoke on the Water kwa gita mbili na kuomba Mungu. Mi-solo anaweza kuchukua nafasi ya kinanda kwa kupiga kwarti hizo hizo mahali palepale, geni 2, kifundo cha katikati kikiwa juu. Inapitika. Lakini kwa gita mbili, besi na batri bila kinanda, Iron Man ndiyo iliyojengwa kwa watu wa namna hiyo: gita moja, besi moja, batri moja, sauti moja, basi. Gita yenu ya pili ipige rifu ileile mizizi ikiwa uzi wa 6 wakati ya kwanza iko uzi wa 5. Hapo mnapata giza na mwanga kwa wakati mmoja, kitu ambacho diski haikuhitaji lakini ukumbi wenu utakihitaji.

Msichoke kurudia mwanzo. Hata Deep Purple wenyewe hawakuwa na starehe: mwezi Desemba 1971 kule Montreux, baada ya kasino kuungua wakati wa onyesho la Frank Zappa, walikuwa wanarekodi msingi wa Smoke on the Water kwenye ukumbi wa Pavillon, usiku, majirani wakaita polisi kwa ajili ya kelele, na wafanyakazi wao wakawa wanashikilia milango mpaka gita imalize. Sehemu kubwa ya albamu ilimaliziwa kwenye kolido za hoteli tupu.

---

Charle_na_Besi

Kitu kimoja tena kwa mwimbaji, juu hakuna mwenye amekitaja. Mu Iron Man anapanda na rifu mpaka sol, ile sol-fa diezi ya katikati. Mwimbaji wa rumba mwenye sauti laini atasukuma shingo pale na atatoka nje ya toni, na kwa sababu gita iko inapiga noti ileile, utasikia zikipigana. Mu Smoke on the Water sauti haifuati rifu, iko na nafasi yake, na kwenye kiitikio gita inaenda akodi tatu tu: do, la bemoli, sol. Mumupime mwimbaji kwanza, njo muchague.

---

Misolo_Katuba

Tumempima: sol anaifika mara mbili, ya tatu inapasuka. Kinanda amekubali noti mbili, akacheka. Je, tukishika Iron Man, tunaweza kushusha?

---

Nyuzi_Sita

Mnaweza, lakini msibadilishe freti. Mkianza kwenye la badala ya si, kwenye uzi wa 5 la ni uzi wazi: noti ya kwanza italia tofauti na nyingine zote na hamtaweza kuitetemesha. Shusheni gita zote na besi toni nzima, rifu ibaki freti zilezile, mwimbaji ataishia fa. Nyuzi za 009 zikishushwa hivyo zinalegea na kukwaruza kwenye freti, kwa hiyo wekeni 010, mzifunge siku mbili kabla na muendelee kuzivuta kwa mkono mpaka ziache kushuka. Ule mngurumo wa nyuma ya daraja utarudi kuwa rahisi, maana uzi umelegea. Besi nayo ipimwe upya kwa freti ya 12, si kwa uzi wazi tu.

Ila kama mtu wa kwaya amekubali noti mbili na amecheka, mimi ningepiga Smoke on the Water.